Ukienda Diani, Usiishie Diani

Kabla hujakata tiketi ya kuja Pwani ya Kusini ya Kenya, tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo ni bamvua: maji hupwa yakaenda mbali, kisha hujaa yakagonga kuta za hoteli. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo. Vijana wengi wanaokuja huku na begi mgongoni kwa siku tatu nne hupanga safari kwa kutazama nauli na tarehe ya mshahara peke yake, kisha asubuhi ya kwanza wanashuka ufuoni na taulo begani wakakuta mchanga, mwani na vidimbwi, na bahari yenyewe iko kule kwenye mwamba.

Wakati wa bamvua maji hufika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yakajaa mnamo saa 10 au saa 11 jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: saa 4 asubuhi bahari imejaa, jioni imekupwa. Na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Ukishayajua hayo, unaweza kuipanga siku kabla hujatoka nyumbani. Asubuhi ya bamvua ni ya kutembea mwambani, jioni yake ni ya kuogelea. Majedwali ya maji yanapatikana kwenye simu, lakini mvuvi yeyote atakayekuwa akitengeneza nyavu chini ya mkungu atakwambia bila malipo, tena atakuongezea habari za upepo.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huleta jua kali, bahari shwari na maji maangavu. Ndio msimu wa kuzamia na kutazama samaki, na ndio msimu wa bei kubwa. Masika yakianza, Aprili na Mei, njia za udongo huwa tope na baadhi ya nyumba za wageni hufunga. Kusi ikishika, Juni na Julai, bahari huchafuka, mwani hutupwa ufuoni kwa wingi, na safari za mashua huahirishwa. Hata hivyo mimi simkatazi mtu kuja wakati wa kusi. Hewa ni baridi ya kupendeza, vyumba ni rahisi, na kuanzia Julai nyangumi hupita nje ya mwamba wakitoka kusini. Mwenye mfuko mwepesi aje Septemba au Oktoba, bahari ikianza kutulia na umati wa Krismasi haujafika.

Kuja kwenyewe si kazi. Basi la usiku kutoka Nairobi hukufikisha Mombasa alfajiri. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hukushusha Miritini, mbali na mjini. Tiketi zake za wikendi ndefu huisha mapema, kwa hivyo usingoje dakika ya mwisho. Mwenye gari au mwenye kuchangia teksi na wenzake anaweza sasa kushika barabara ya Dongo Kundu kutoka upande wa Miritini hadi Kwale bila kugusa feri. Lakini wewe wa begi moja, ninakushauri upitie Likoni. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na hakuna namna bora ya kuingia Pwani ya Kusini kuliko kusimama katikati ya akina mama wenye ndoo za samaki na wanafunzi wenye sare. Begi liweke mbele kifuani, simu iwe mfukoni, usikimbie kwenye mteremko, na ukiambiwa usubiri feri inayofuata, subiri. Maelfu ya watu wakivuka salama kila siku, ni kwa sababu ya nidhamu hiyo. Wazee wa hapa hawajasahau mwaka 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua zaidi ya watu 270.

Ng'ambo, matatu hupangwa kwa majina ya miji: Ukunda, Kwale, Msambweni, Lunga Lunga. Usimuulize makanga nauli. Muulize abiria aliye karibu nawe kabla hujapanda. Nauli hupanda wakati wa mvua, jioni na siku za sikukuu, na hilo halina ujanja. Ukunda ni mwendo wa kilomita 30 kasoro, na hapo ndipo unaposhuka ili uchukue tuktuk au bodaboda ya kukupeleka Diani, kilomita chache kuelekea baharini. Kabla hujaondoka Ukunda, nunua vitu vyako pale pale sokoni: maji, matunda, dawa ya mbu, sabuni. Ukifika barabara ya ufuoni kila kitu kimepanda bei.

Sasa Diani. Nitasema wazi: ufuo wake ni mzuri kama wanavyousifu. Mchanga ni mweupe na laini, mwamba umeuzuia mkondo wa bahari kuu, na mtu asiye mwogeleaji hodari anaweza kuingia majini bila hofu kubwa. Lakini Diani ya barabara ya hoteli imejengwa kwa ajili ya mgeni asiyetoka nje ya lango. Ukikaa humo siku zako zote utakula chakula unachoweza kukipata Nairobi na utaongea na wahudumu na wageni wenzako tu. Fedha zako nyingi zitapita juu ya vichwa vya Wadigo ambao ardhi hii ni ya mababu zao. Lala Diani usiku mmoja au miwili, katika hosteli ya vitanda vya pamoja au nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa barabara, mbali na mchanga. Kisha songa kusini.

Kwa hizo siku mbili, yako mambo ya kufanya bila kulipa sana. Tembea kaskazini kwa kufuata ufuo hadi mdomo wa mto Mwachema, uuone Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa kale, uliokaa chini ya mibuyu na ambao bado husaliwa. Ng'ambo ya mto ni Tiwi, yenye utulivu kuliko Diani, na kwenye mwamba wake kuna dimbwi lenye umbo la bara la Afrika ambalo huonekana maji yakipwa. Huko nenda na mwenyeji, tena wakati wa bamvua asubuhi, na uondoke mapema. Watu hawalijui jambo hili: maji yakianza kujaa hayatangulii mbele yako, hujaza kwanza mfereji ulio kati yako na nchi kavu. Unaweza kusimama mwambani ukitazama kaa huku nyuma yako njia inazama. Mvuvi akianza kurudi, rudi naye. Na uvae viatu, maana kwenye nyasi za bahari wamo viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni.

Nakuomba sana jambo moja ukiwa humo majini. Vijana wanaotembeza wageni mwambani huwa na tabia ya kumtoa kiti cha pweza majini, kumweka kiganjani mwa mgeni apigwe picha. Mnyama yule anapumua majini. Mwambie kijana, kwa upole, kwamba utamlipa sawasawa hata akikuonyesha bila kushika chochote. Nimeona wengi wakikubali mara moja, kwa kuwa wanachofuata ni ujira, na wao wenyewe wanajua ya kwamba mwamba ukifa kazi yao imekufa. Makombe na simbi nayo yaache pale yalipo.

Mabichiboi watakufuata. Ukiwapita kwa uso wa kununa utachoka kabla hujafika mbali. Amkia, jibu salamu, sema jina lako, kisha sema hutaki kitu leo. Ukitaka safari ya mashua, afikianeni bei ya mashua nzima na muda wake mbele ya mtu wa tatu, na ulipe nusu tu kabla ya kuondoka. Usitembee ufuoni usiku na begi lako. Hili halina mjadala.

Kwenye miti ya Diani utamwona mbega, mweusi mwenye mabega meupe yenye manyoya marefu. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama hawa wavuke bila kugongwa na magari. Usimpe tumbili wala kima chakula. Anayelishwa leo kesho huingia vyumbani, na mwisho wake ni kupigwa mawe.

Kusini kidogo, baada ya Galu, ndipo ilipo Kaya Kinondo. Hii ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na ni nadra kwa kuwa wazee wake wamekubali kuwapokea wageni. Huingii peke yako. Unakutana na mwongozaji, unalipa kiingilio kinachobaki kijijini, unafungwa kaniki kiunoni, kisha unaelezwa masharti: hakuna kuchukua hata jani, hakuna kukumbatiana wala kubusiana, sauti iwe ya chini, picha zipigwe pale tu unaporuhusiwa. Mtu mwingine huona masharti haya ni maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Siyo. Wapo watu wanaokwenda humo kuomba mvua na kuombea wagonjwa wao, na msitu huu umebaki umesimama huku viwanja vyote vya jirani vikigeuka nyumba za kupangisha, kwa sababu hayo masharti yanashikwa. Mwongozaji atakuonyesha mti wa dawa hii na ile, na majina yake kwa Chidigo. Muulize maswali, naye atafurahi. Mgeni wa Kiafrika anayeuliza huonyeshwa zaidi.

Baada ya hapo rudi barabara kuu ya Lunga Lunga upande matatu ya Msambweni. Njiani shuka Gazi, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Gazi ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Siku hizi kijiji kinajulikana duniani kwa mikoko. Akina mama wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na kwa kiingilio kidogo wanakutembeza wakikwambia huu ni mkandaa, ule ni mchu, huu ndio hujenga nyumba. Wakati wa maji kujaa samaki wadogo hucheza chini ya mbao. Yakipwa unaona kaa na mizizi inayochomoza kutafuta hewa. Kisha waambie mapema wakupikie. Wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, umekaa mkekani, vitakugharimu chini ya sahani moja ya hotelini Diani.

Mikoko hiyo ina hadithi inayostahili kusikilizwa kutoka kwa wenyewe. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Ulikuwa mradi wa kwanza wa jamii wa aina hiyo duniani, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya mfereji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mgeni anayetoka hapo akiwa amekula na kulipa kiingilio ameongeza chake.

Msambweni yenyewe ni mji mdogo usio na pilikapilika. Nyumba za kulala za bei ya chini zipo, ufuo wake una majabali na mara nyingi utakuwa peke yako, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo ikiwa mguu umeumizwa au homa imekushika. Ni mahali pa kufua nguo, kulala mapema na kuamkia chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi. Kama wewe ni wa muziki na usiku mrefu, huo uumalize Diani na Ukunda.

Asubuhi yake panda gari la Shimoni mapema iwezekanavyo, au la Lunga Lunga ushuke njia panda ya Shimoni umalizie kwa bodaboda. Wageni wengi hufika Shimoni kwa basi la kampuni kutoka Diani, wakapakiwa jahazini, wakala kaa, wakarudishwa saa 10. Wewe fanya tofauti. Kwanza ingia kwenye mapango ambamo, kwa simulizi za wenyeji, watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini. Kijiji ndicho kinachoyasimamia. Ingia na mwongozaji, usipige kelele za kusikiliza mwangwi. Kisha nenda gatini uulize mashua ya abiria ya kwenda Wasini, ile wanayopanda wenye kisiwa na magunia yao ya unga.

Wasini hakuna gari hata moja. Njia ni za kupita watu na mbuzi, nyumba ni za mawe na makuti, na lugha utakayoisikia ni Kivumba, ambayo ukiwa mtu wa Kiswahili utaifuata nusu na nusu ikuponyoke. Ni kijiji cha Waislamu wenye kushika dini. Mwanamke ajifunge leso juu ya suruali fupi, mwanamume avae shati. Nguo za kuogelea ni za mashuani. Unapomkuta mtu mzima, anza wewe kusalimu, shikamoo au salamu aleikumu, hata kama una kiu. Ukija Ramadhani usile barabarani mchana, lakini usiiogope Ramadhani pia, maana jioni yake ndiyo tamu zaidi mwaka mzima, kwa futari za mihogo ya nazi, maharagwe na tende. Akina mama wa hapa nao wana njia yao ya mbao, inayopita juu ya bustani ya matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari zamani na sasa yamesimama nchi kavu kwa maumbo ya ajabu. Ukiuliza kwa heshima utapata chumba cha kulala nyumbani kwa watu. Lala. Mashua za watalii zikishaondoka jioni, kisiwa huwa cha wenyewe tena, na mazungumzo ya barazani hayana kiingilio.

Kisite ndiyo sababu ya wengi kufika huku, nayo ina haki ya sifa zake: hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, matumbawe hai, kasa, na pomboo njiani. Ada ya hifadhi hulipwa kwa shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, kwa njia ya mtandao, kwa hivyo fungua akaunti yako ya eCitizen ukiwa bado na intaneti nzuri. Tafuta wenzako wanne watano mchangie mashua, muondoke asubuhi kabla upepo haujaamka. Mwambie nahodha kabisa kwamba hutaki awafukuze pomboo. Nahodha akizima mashine akakaa, mara nyingi pomboo huja wenyewe. Akiwaandama, huzama na kuhama.

Kuhusu Shimba nitakuwa mfupi. Ni vilima vya kijani nyuma ya mji wa Kwale, baridi, vyenye ndovu na palahala, ambaye kwa Kenya huonekana huko tu. Tatizo la mwenye begi ni gari, kwani ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu isipokuwa na askari wa wanyamapori kwenye njia ya maporomoko ya Sheldrick. Mkiwa watu wanne, kodini gari Kwale mjini kwa nusu siku. Ukiwa peke yako na siku tatu tu, Shimba iache kwa safari nyingine. Ni heri kuitumia siku hiyo Wasini.

Fedha. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, hata kwa muuza madafu, lakini chukua pia noti ndogondogo kwa sababu mtandao hukatika na wa mashuani hana chenji. Usimpe mtoto pesa wala peremende ufuoni. Akizoea, ataacha shule aje kuomba. Ukitaka kusaidia, kula kijijini, lala kijijini, nunua ukili na makawa kwa aliyeyasuka. Kula vya njiani: viazi karai, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, supu ya pweza jioni, mabuyu ya rangi kwa safari ya kurudi. Ukialikwa nyumbani ukapakuliwa mboga ya mtsunga, onya ulimi wako kwamba ni mchungu, ule uumalize. Beba chupa yako ya maji ya kujaza tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja hazitakiwi kwenye hifadhi na fukwe za taifa, nayo mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku Kenya tangu 2017.

Wakati wa kurudi, usipange basi la Jumapili jioni. Likoni hufurika siku hiyo, na safari ya saa moja na nusu kutoka Ukunda hadi stendi za Mombasa inaweza kula saa tatu. Ondoka Shimoni alfajiri, au ulale Ukunda usiku wa mwisho uvuke na wa kwanza kuvuka. Mwenye siku ya ziada na pasipoti mfukoni anaweza kugeuza kabisa: kutoka njia panda ya Shimoni, Lunga Lunga si mbali, na ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, kisha Tanga.